Kipande cha Tiketi: Kumbukumbu za Kushuka Daraja kutoka Sombetini

Katika nyumba moja ya Sombetini, mjini Arusha, si mbali na soko la Mbauda, lipo kopo la majani ya chai ambalo ndani yake mna hati ya kiwanja, cheti cha ndoa na kipande cha tiketi ya mpira kilichochanwa mlangoni. Kipande hicho kilikuwa cha mjomba wangu. Alikipata Dar es Salaam mwezi Julai 1988, alikokwenda kuishuhudia Simba ikicheza na Yanga siku ambayo Simba ilikuwa ukingoni mwa kushuka daraja. Mjomba amekwisha kufariki, na sasa kopo hilo hulitunza mkaza mjomba. Kila alifunguapo hutukumbusha kwamba karatasi ile iligharimu mabati mawili ya jikoni, na kwamba mvua za masika zilizofuata alizipikia chini ya tundu.

Historia ya mpira wetu aghalabu huandikwa kwa majina ya mabingwa. Tunajua kwamba Sunderland, ambayo tangu 1971 inaitwa Simba, ndiyo iliyotwaa ubingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1965. Orodha ya waliofuata imehifadhiwa vizuri. Lakini iko historia nyingine isiyo na kombe wala picha ukutani, nayo ni ya wale waliolipa kiingilio, na nauli juu yake, ili waione timu yao ikianguka au ikiponea chupuchupu. Makala haya yanaifuata historia hiyo kwa njia ya tiketi, kutokea mtaa mmoja wa Arusha. Swali lake ni jepesi kulitaja na gumu kulijibu: mtu hununua nini hasa anaponunua tiketi ya mechi ya namna hiyo?

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili, daraja ni kile kinachotuvusha mto, na pia ni cheo au ngazi ya mtu katika jamii. Timu inaposhuka daraja, maana zote mbili zimo. Imepoteza cheo, na pia limevunjika lile lililokuwa likiuvusha mji wake kwenda kuonana na miji mingine. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, na methali hiyo imekuwa faraja ya mashabiki wengi. Hata hivyo, methali haisemi nani atakuwepo chini ya ngazi kumpokea anayeshuka. Hapo ndipo tiketi inapopata maana.

Kisa cha 1988 kinajulikana kwa wazee wa mpira. Msimu ule Simba iliyumba vibaya, na ikafika mechi yake na Yanga ya tarehe 23 Julai ikiwa inaokoa nafsi yake. Yanga kwa upande wao walikuwa wakiutafuta ubingwa. Mechi ilichezwa katika Uwanja wa Taifa wa zamani, ambao leo unaitwa Uwanja wa Uhuru. Edward Chumila aliifungia Simba bao la kwanza, Issa Athumani akaisawazishia Yanga, na John Makelele akafunga la pili la Simba. Kwa matokeo hayo ya 2-1 Simba ilibaki, na ubingwa wa mwaka ule ukaenda Tanga kwa Coastal Union. Mwenye kuanguka alimzuia mwenye kupanda, na wa tatu aliyekuwa mbali ndiye aliyevikwa taji.

Kwa mtu wa Sombetini mechi ile ilikuwa ya ugenini, hata kama Simba na Yanga wote wawili ni wenyeji wa Dar es Salaam. Kutoka Arusha hadi pale ni zaidi ya kilomita 600, kwa kupitia Moshi, Same, Korogwe, Segera na Chalinze. Mjomba alikuwa fundi wa makatambuga, yale makubadhi ya matairi yanayovaliwa na wafugaji na watembeao mwendo mrefu, na fedha zake zilikuja kidogo kidogo. Alikuwa ameziweka akiba za mabati. Matangazo ya Radio Tanzania Dar es Salaam yalipotaja tarehe ya mechi, alizitoa akiba hizo bila kumwambia mtu, akapanda basi, akalala kwa ndugu huko Magomeni.

Kupata tiketi ilikuwa kazi ya siku nzima. Zilikuwa karatasi, zikiuzwa madirishani, na foleni ilianza asubuhi kabla dirisha halijafunguliwa. Wapo walionunua nyingi wakaziuza kwa bei ya juu pembeni. Hao waliitwa walanguzi, neno lililokuwa bado na makali ya ile kampeni ya 1983 dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, wakati watu walipotupa sabuni na sukari usiku kwa hofu ya kukamatwa. Mjomba alisimulia kwamba aliikosa tiketi ya dirishani akiwa amebakiza watu wachache mbele yake, na kwamba alimlipa mlanguzi kwa fedha za bati la pili. Jambo lililonishangaza siku zote ni kwamba kila alipoisimulia siku ile aliieleza foleni kwa kirefu: nani alisimama mbele yake, nani alimpa maji, jua lilivyogeuka ukutani. Mabao aliyapitia kwa sentensi moja. Nimewasikiliza mashabiki wengine wa rika lake, pale Mbauda na kwingineko, na wengi wao husimulia vivyo hivyo. Mechi ni ya wachezaji na kila mtu aliisikia redioni. Ila namna ulivyoipata tiketi ni yako peke yako, na hakuna atakayeikumbuka usipoikumbuka wewe.

Msomaji wa visiwani hatakiona kigeni kisa hiki. Katika zama za Ligi ya Muungano mashabiki wa Unguja na Pemba walivuka bahari kuzifuata timu zao. Malindi ilipotwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1989, mwaka mmoja tu baada ya kisa cha Simba, wapo waliolipia nauli ya bahari kwanza na kiingilio baadaye. Tofauti ni kwamba wao waliifuata furaha. Mjomba aliifuata hofu.

Mji wa Arusha nao ulikuwa na timu zake, na uwanja wao una jina ambalo wasomaji wa mashairi hawahitaji kuelezwa. Uwanja wa Kumbukumbu ya Sheikh Amri Abeid, jirani na stendi ya mabasi, umeitwa kwa jina la mwandishi wa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichochapwa mwaka 1954. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Tanganyika huru, na alifariki mwaka 1964 akiwa bado kijana. Nimewahi kufikiri kwamba uwanja ule haukukosea jina. Mtu aliyetufundisha kuhesabu vina na mizani angeielewa ligi upesi: pungufu ya silabi moja huuharibu mshororo, na pungufu ya pointi moja huiangusha timu ya msimu mzima.

Chini ya jina hilo AFC ya Arusha iliwahi kucheza Ligi Kuu, ikashuka. Baadaye ikaja JKT Oljoro, timu ya vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa kutoka kambi ya Oljoro, nje ya mji. Ilipanda mwaka 2011 pamoja na Coastal Union, Moro United na Villa Squad, na wenzake wawili kati ya hao watatu walishuka msimu uleule wa kwanza. Oljoro ilisimama kwa misimu mitatu. Kwetu Sombetini, ambako kambi si mbali na vijana wake tuliwaona sokoni na kwenye daladala, timu ile ilikuwa jirani kabla ya kuwa timu. Ni kweli kwamba karibu kila mmoja wetu alikuwa na timu mbili, moja ya Kariakoo aliyorithi kwa baba au mjomba, na moja ya nyumbani. Lakini ya nyumbani ndiyo iliyoufanya mji uhesabiwe. Kwa sababu ya Oljoro, kila msimu Simba, Yanga na Azam zililazimika kuja Arusha. Siku hizo mama lishe, wauza machungwa, wenye daladala na wenye nyumba za wageni walikuwa na sikukuu isiyoandikwa kwenye kalenda.

Msimu wa 2013/14 ulikuwa mbaya. Timu zilikuwa 14, mechi 26 kwa kila moja, na tatu za mwisho zingeshuka. Msimu ule Oljoro ilikuwa na safari mbili za Uwanja wa Mkwakwani, Tanga, kwa kuwa Coastal Union na Mgambo zote ziliutumia uwanja huo. Mojawapo tuliisindikiza. Tulichanga fedha za mafuta ya Noah moja. Mmoja wetu aliuza simu yake, mwingine aliomba malipo ya wiki mapema kwa tajiri wake. Mjomba, ambaye wakati huo alitembea kwa mkongojo, alisema atakuja, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Mlangoni pale Mkwakwani lilizuka jambo ambalo bado naliwaza. Mtu mmoja aliyefahamiana na msafara wa timu alijitolea kutupitisha bure, kama jamaa za wachezaji. Tulikuwa tumechoka na mifuko ilikuwa mitupu, nasi tukafurahi. Mjomba akakataa. Alitueleza kwamba kwa utaratibu wa wakati ule mapato ya mlangoni, baada ya kodi na makato, yaligawiwa timu mbili kwa mafungu sawa, mwenyeji na mgeni. Kwa hiyo kila shabiki wa Oljoro aliyeingia bure alikuwa ameinyang'anya Oljoro fungu lake, tena katika mwaka ambao ilihitaji kila senti. Akaenda dirishani, akasimama katika foleni pamoja na watu wa Tanga, akanunua tiketi yake. Tukamfuata mmoja mmoja. Tuliokosa tuliazimana. Ndani ya uwanja tulikuwa wachache mno kuweza kusikika, lakini tulikuwa tumehesabiwa.

Msimu huohuo ndipo ulipoanza kujaribiwa mpango wa tiketi za elektroniki, ulioendeshwa na Shirikisho la Soka Tanzania pamoja na Benki ya CRDB. Nia yake ilikuwa njema: kuziba mianya ya mapato kupotea mlangoni. Klabu zililalamika, mashabiki walitatizika, na safari ya kutoka karatasi kwenda mashine ikachukua miaka mingi. Siku hizi kadi ya N-Card na simu ya mkononi vimechukua nafasi ya dirisha katika viwanja vingi. Mlanguzi amepata taabu, na hilo ni jambo la kheri. Ila kadi haichanwi, na kwa hiyo haiachi kipande cha kuwekwa koponi.

Siku nyingine ninayoikumbuka ni Jumapili ya tarehe 13 Aprili 2014. Oljoro ilikuwa nyumbani na mgeni wake alikuwa Yanga, aliyekuwa bado akiutamani ubingwa. Nilipofika kwenye foleni niliona njano na kijani mbele yangu na nyuma yangu. Watu walikuwa wametoka Moshi, Babati na Karatu, wote kwa ajili ya Yanga. Jirani yangu katika foleni alipojua naishangilia Oljoro alinihurumia, kisha akaniuliza kwa nini nipoteze fedha kuitazama timu inayokufa. Sikuwa na jibu lililoweza kutoshea katika hatua mbili za foleni. Nilinyamaza nikasogea.

Ndani ya uwanja, katika mji wetu, chini ya Mlima Meru, tulikuwa wageni. Kelele zote zilikuwa za upande mwingine, na masikio yalikuwa Mbeya, ambako Azam ilikuwa ikicheza na Mbeya City. Redio ndogo zilishikwa sikioni, na habari zikapita jukwaani mdomo kwa mdomo. Oljoro ilifungwa. Azam nayo ilishinda 2-1 kule Sokoine, ikatwaa ubingwa wake wa kwanza, na msimu huo ikaumaliza bila kupoteza mechi hata moja. Hivyo watu wa Yanga walitoka wakiomboleza ubingwa, nao hawakuona kwamba waliokuwa kando yao waliomboleza kitu kikubwa zaidi. Msimu ulipokwisha, walioshuka walikuwa Ashanti United, Rhino Rangers ya Tabora na JKT Oljoro.

Ningeweza kuishia hapo, na kusema kama wasemavyo wengi kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Tulikubali. Tulilipa, tukaona kwa macho, tukarudi Sombetini kwa miguu tukibishana juu ya beki wa kushoto. Kuanguka kule kulikuwa na mashahidi. Lakini Oljoro ilianguka mara ya pili, na anguko hilo la pili ndilo lililonifundisha thamani ya lile la kwanza.

Mwezi Februari 2016, katika Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, timu mbili zilikuwa zikigombea nafasi moja ya kupanda, na tofauti ya mabao ndiyo ingeamua. Katika mechi za mwisho Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa 8-0, na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Mabao 15 katika mechi mbili yaliamsha maswali. Mwezi Aprili Kamati ya Nidhamu ya Shirikisho ilizitia hatiani timu zote nne kwa upangaji wa matokeo na kuzishusha. Mbao FC ya Mwanza ikapanda Ligi Kuu badala ya waliokuwa wakigombea.

Habari ilifika Mbauda kwa njia ya redio ya kinyozi. Mjomba aliisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza tiketi za kikao kile ziliuzwa wapi. Wengine walicheka. Mimi naamini aliuliza kwa dhati. Alikuwa mtu aliyejua kushuka daraja kwa namna mbili, kule kulikoepukwa mwaka 1988 na kule kulikotimia mwaka 2014, na mara zote alikuwa amelipa ili awepo. Safari hii timu yake ilikuwa imeporomoka mezani, kwa sababu ya mechi ambayo yeye hakuiona na ambayo ilikuwa imehukumiwa kuwa haikuwa mechi. Hakuwa na cha kushuhudia, wala cha kubishania. Shabiki huweza kusamehe mabao saba. Hawezi kujua afanye nini na mabao saba ambayo haamini kwamba yalifungwa.

Basi turejee kwenye swali la mwanzo. Nadhani anayenunua tiketi ya mechi ya kushuka daraja hanunui burudani, kwa maana anajua huenda asiipate. Hununua haki ya kuwa shahidi. Analipa ili aweze kusema baadaye kwamba alikuwepo, kwamba waliokimbia walikimbia kweli, na kwamba timu haikuachwa ife peke yake. Ndiyo maana upangaji wa matokeo ni wizi wa aina ya pekee. Fedha ya kiingilio inaweza kurudishwa, ushahidi hauwezi. Na ndiyo maana mjomba alikataa kupita bure pale Mkwakwani: shahidi aliyeingizwa kwa mlango wa nyuma ushahidi wake una kasoro.

Tangu 2014 Arusha haijawa na timu yake katika Ligi Kuu. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid haukukaa bure, lakini umekuwa nyumba ya wapangaji. Tarehe 2 Julai 2022 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa hapo, Yanga na Coastal Union wakafungana 3-3 kabla ya Yanga kushinda kwa penalti. Coastal Union yenyewe imewahi kuutumia kama uwanja wake wa nyumbani. Tuliwapokea vizuri, kama ilivyo desturi. Na katika kata ya Olmoti, mwaka 2024, ulianza kujengwa uwanja mpya wa watu 30,000 kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Tanzania imepewa kuliandaa pamoja na Kenya na Uganda. Watakuja wageni kutoka bara zima, na tiketi zitanunuliwa kwa simu. Sioni ubaya wowote. Natamani tu kwamba wageni hao wakishaondoka, pawe na timu ya mji itakayokuwa na ruhusa ya kushinda na kushindwa humo, na watu wake wachache watakaolipa kuiona ikifanya hivyo.

Mwaka jana nilimwomba mkaza mjomba anipe kile kipande cha 1988 nikihifadhi pamoja na cha kwangu cha Yanga na Oljoro. Alilifungua kopo, akakitoa, akakitazama kwa muda, na akakirudisha. Alinieleza kwamba mabati yale alikuja kuyanunua mwenyewe, kwa fedha za maandazi, mwaka uliofuata, kwa hiyo tiketi ile hatimaye ililipiwa na yeye. Alisema ni mali yake. Akafunga kopo, akalirudisha juu ya kabati, chini ya paa lisilovuja.